Kutoka Dunguni: Ndege na Wanyama wa Ikutha

Kiswahili kina kitenzi ambacho wanafunzi wengi wa siku hizi hawakijui mpaka wakutane nacho kamusini: kuamia. Kuamia ni kukaa shambani kulinda mazao yasiliwe na ndege wala wanyama. Mwamiaji hujengewa dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuka juu ya mabua, na kutoka hapo huliona shamba zima, pori lililo nyuma yake na anga iliyo juu yake. Silaha zake ni kombeo, debe tupu na koo lake. Kazi huanza kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa ndege ni wadamkaji, na huendelea hadi magharibi, ambapo zamu ya ndege hukoma na zamu ya wanyama huanza.

Mtu akiulizwa leo ni wapi karibu na Ikutha panapofaa kutazama ndege na wanyama, ataanza kutaja mito na mbuga, na hatakuwa amekosea. Hata hivyo, mahali pa kwanza pa kutazamia viumbe katika sehemu hizo ni dungu, na watazamaji wa kwanza ni wale walioketi juu yake kizazi baada ya kizazi bila ya darubini. Yaliyomfika kijana mmoja mzaliwa wa huko yanatosha kulithibitisha hilo.

Ikutha ni mji mdogo ulioko kusini mwa Kaunti ya Kitui, kando ya barabara itokayo Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, kuelekea Mutomo na hatimaye Kitui mjini. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi jekundu na mashimo. Sasa ni ya lami, na matatu huimaliza kabla abiria hajachoka kutazama mibuyu. Mto Athi ndio mpaka wa kaunti hizo mbili. Mto Tiva, ambao sehemu kubwa ya mwaka huwa ni njia ya mchanga mtupu, hushuka kutoka upande wa Kitui mjini na kwenda kupotelea Tsavo. Baada ya vijiji iko Hifadhi ya Kitui Kusini, iliyotangazwa mwaka 1979 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,833, na inayopakana nayo ni Mbuga ya Taifa ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 na yenye kilomita za mraba 13,747. Mnyama hana habari na mipaka hii. Kwake yeye shamba la mtama la Ikutha au la Kanziko ni sehemu ya pori iliyojaaliwa chakula kitamu zaidi.

Mwezi Januari mwaka 2024 nchi ilikuwa imevaa kijani. Misimu 5 mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022, ilikuwa imepita, na mvua kubwa za El Nino za mwaka 2023 zilikuwa zimeijaza Tiva na kuotesha kila kilichozikwa ardhini. Kijana huyo alikuwa amehitimu shahada yake ya kwanza ya Kiswahili jijini Nairobi na bado hajapata kazi. Alirudi nyumbani kumsaidia nyanya yake, ambaye kwa desturi ya Wakamba alimwita susu, kuamia ekari mbili za mtama ambao ndio kwanza unatia maziwa. Siku chache baadaye rafiki aliyesoma naye alimpigia simu kumwomba awatembeze wageni watatu, wapenzi wa ndege kutoka jijini. Malipo yalikuwa mazuri. Kijana alikubali kabla hata ya kumwuliza susu nani angekaa dunguni.

Asubuhi ya kwanza aliwapeleka kwenye Mto Athi. Hapo mikoche imejipanga ukingoni, mdiria hujitupa majini kama jiwe, korongo husimama kwa mguu mmoja, na kinachodhaniwa kuwa gogo hufumbua jicho na kuwa mamba. Ng'ambo, upande wa Kitui, huinuka ukingo wa Yatta, ambao ni mmojawapo wa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Urefu wake unakaribia kilomita 300, kuanzia upande wa Ol Donyo Sabuk hadi ndani ya Tsavo. Yapata miaka milioni 13 iliyopita, lava ilimiminika ikafuata bonde la mto wa kale na kugandia humo. Kisha mvua za dahari zikaila ardhi laini ya pande zote mbili, hata kilichokuwa kimelala bondeni kikabaki kimesimama juu kama ukuta. Pimbi hukaa katika nyufa zake, na ndege wakubwa huupenda upepo unaopanda kutoka chini yake.

Wageni waliinua darubini. Miongoni mwao alikuwemo mwalimu mstaafu, mama wa makamo aliyekuwa akiandika kila alichokiona katika kijitabu. Alimwonyesha kijana ndege mmoja mweusi mwenye mabawa mapana na mkia mfupi kupita kiasi, akiyumba huku na huku angani kama mtu anayejiweka sawa juu ya kamba.

"Yule kwenu mnamwitaje, mwanangu?" aliuliza.

"Tai, mwalimu."

Baada ya muda alionyesha mwingine, wa kifua cheupe chenye madoa. Huyo naye alikuwa tai. Kisha akaonyesha wa tatu, mdogo mwenye rangi ya zambarau kifuani na samawati mabawani, aliyekuwa ametua juu ya kijiti kikavu.

"Huyo ni ndege tu, mwalimu," kijana alijibu, na mwalimu akafunga kijitabu chake kwa upole, kama afanyavyo mwalimu asiyetaka kumwaibisha mwanafunzi mbele ya wenzake.

Walipokuwa wakirudi walimwona kwenzi mwenye mgongo wa buluu inayometa, tumbo la rangi ya chungwa na macho mekundu, asiye na ule mkanda mweupe kifuani alio nao kwenzi wa kawaida. Mgeni mmoja alilitaja jina lake, nalo lilikuwa la mtu. Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekuwa akikusanya mimea na wanyama, alifunga safari kutoka Mombasa akafika Kitui mwaka 1877. Mwaka uliofuata mtaalamu wa Berlin, Jean Cabanis, akampa ndege huyu wa Ukambani jina la msafiri huyo. Kijana aliyatafakari hayo njia nzima. Mpita njia wa msimu mmoja aliacha jina lake mgongoni mwa kwenzi, na mwenyeji mwenye shahada hana lolote la kumwita.

Usiku alifungua kamusi. Alikuta kuwa Kiswahili si maskini wa majina ya ndege. Yumo pungu, ambaye ndiye yule tai mkia mfupi; wamo hondohondo, keremkeremu, mlembe, tandawala, pugi, ninga, kurumbiza, chozi na mnana. Lakini alikuta pia kasoro ambayo kila aliyewahi kuzipekua kamusi zetu ameiona. Maelezo mengi huanzia na kuishia katika maneno yale yale: aina ya ndege. Wakati mwingine huongezwa rangi, au husemwa kwamba anafanana na fulani, na ukimtafuta huyo fulani unarudishwa kwa yule wa kwanza. Jina limehifadhiwa, lakini mwenye jina amepotea. Msomaji hawezi kutoka nje na kamusi mkononi akasema, huyu ndiye.

Siku ya pili waliteremka Tiva. Maji ya juu yalikuwa yameanza kukatika, na wanawake walikuwa wamekwisha kufukua visima mchangani. Maji ya mto wa namna hii hujificha chini ya mchanga, ndiyo sababu Ukambani kumejengwa mabwawa mengi ya mchanga ili kuyazuia yasishuke yote. Wanadamu wakishateka na kuondoka, visima huwa vya ndege. Huja hua na pugi, huja kanga kwa makundi, na miongoni mwao yule kanga mwenye shingo ndefu, kichwa kitupu kama cha tumbusi na kifua cha buluu kali. Huja pia firigogo, ndege wa nchi kavu mwenye umbo la njiwa na rangi ya kwale. Dume lake hulowesha manyoya ya tumbo makusudi, akaruka mbali nayo ili makinda wake wapate kunywa.

Safari hii susu alikuwa amefuatana nao, kwa kuwa alikuwa na mitungi ya kujaza. Mwalimu mstaafu alipomwonyesha kanga, susu alicheka na kusema kwamba yule ni nganga, na kila mtoto anamjua. Kijana alishtuka kidogo. Kanga na nganga ni neno moja lililotembea njia mbili, na miaka minne ya isimu haikuwahi kumfanya alitambue hilo mpaka aliposimama mbele ya ndege mwenyewe. Alitoa daftari.

Tangu hapo hakunyamaza kuuliza. Susu alimweleza habari za shorobo, ndege wa kijivu mwenye kishungi na tumbo jeupe, ambaye hulia kama kondoo kutoka kileleni mwa mgunga. Wawindaji wa zamani walimchukia kwa kuwa aliwatangazia wanyama ujio wa mtu. Mchungaji humpenda kwa sababu hiyo hiyo, maana humtangazia chui. Alimweleza habari za hondohondo, ambaye jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, likaacha ufa mwembamba tu, na mume akamlisha kupitia ufa huo hadi makinda wakue. Mume akifa wakati huo, alisema susu, nyumba nzima imo mashakani. Na hapo alinyamaza, kwa kuwa naye alibaki mjane angali na watoto wadogo. Wageni waliyakuta mengi ya hayo katika kitabu chao. Susu aliyapata dunguni.

Jioni mazungumzo yalimfikia mlembe. Ndege huyu mdogo wa kijivu humjia mtu, humlilia na kumtangulia mti hadi mti mpaka afike penye nyuki. Mtu hupata asali, naye mlembe hupata nta na majana. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtaalamu Mkenya wa ndege, pamoja na mwenzake Reyer walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Mrina asali asiye na mlembe alichukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja wa nyuki wa mwituni. Aliyeongozwa na mlembe alichukua saa 3.2. Mwalimu mstaafu aliongeza habari iliyokuwa mpya wakati ule. Desemba 2023 watafiti wawili, Claire Spottiswoode na Brian Wood, walieleza jinsi walivyowalinganisha walembe wa Niassa nchini Msumbiji, ambako Wayao huwaita kwa mngurumo wa ulimi wenye mguno mwishoni, na walembe wa kaskazini mwa Tanzania, ambako Wahadza huwaita kwa mluzi. Mlembe wa Uhadzani aliuitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara 3 kuliko alivyouitikia wito wa Wayao, na yule wa Niassa aliuitikia wito wa Wayao takriban mara 2 kuliko mluzi wa Kihadza.

"Yaani ndege wanajua lugha ya kwao," kijana alisema.

"Hujifunza kwa wenyeji," mwalimu alimjibu. "Wenyeji wakiacha kuita, nao huacha kuitikia."

Susu alipotafsiriwa hayo hakustaajabu. Marehemu mumewe alikuwa na mizinga ya magogo katika mibuyu mitano, na alikuwa na mluzi wake wa kumwita mlembe. Aliujaribu kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Ulianza chini, ukapanda, ukakatika ghafla. Kijana alijaribu mara tatu na mara zote ulitoka upepo. Mibuyu ile ingalipo, lakini mzinga uliobaki ni mmoja, na ni miaka mingi tangu mtu yeyote wa nyumba ile amfuate mlembe.

Usiku huo ndovu waliingia shambani.

Hakuna aliyekuwa dunguni. Susu alikuwa amechoka kwa safari ya mtoni, naye kijana alikuwa amelala karibu na wageni, kambini. Majirani walipiga madebe na kuwasha mienge na tochi, mbwa walibweka, na ilipofika saa kumi za alfajiri ndovu walirudi walikotoka kwa mwendo wa raha. Kulipokucha, nyayo zilionekana wazi katika udongo laini. Mgeni mmoja, ambaye hakuwa na nia mbaya, alifurahi mno. Alitoa uzi akapima mzingo wa unyayo mmoja, akaeleza kwamba ukiuzidisha mara mbili unapata kimo cha ndovu hadi begani, kwa kukisia. Alipiga picha. Upande wa pili wa shamba susu naye alikuwa akipima. Alikuwa akitembea kando ya mistari ya mtama uliolala, akihesabu hatua, na kila alipofika mwisho wa mstari aliweka kijiwe mfukoni. Mwalimu mstaafu alipomwona alimgusa mwenzake begani, naye akaukunja uzi wake.

Katika shamba lile palikuwa na vipimo viwili vya unyayo mmoja. Yeyote atakayeandika habari za mahali pa kutazama wanyama karibu na Ikutha akikitaja kimoja na kukiacha cha pili, atakuwa ameandika nusu. Ndovu ni fahari na ni hasara, na hesabu zake zote mbili ni za kweli. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wawindaji mashuhuri kwa upinde na mshale wa sumu, na misafara yao ilipeleka pembe hadi Mombasa. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Majangili wakafyeka makundi ya Tsavo katika miaka ya 1970 na 1980, kisha ulinzi ukaimarishwa na idadi ikapanda. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu ndovu karibu 12,900 katika eneo la Tsavo na Mkomazi. Ukame nao hauwaonei huruma, kwani kati ya Februari na Oktoba 2022 ulitangazwa kuwa umeua ndovu 205 nchini Kenya. Ndovu aliyenusurika njaa ile hawezi kulaumiwa kwa kuufuata mtama. Wala susu aliyenusurika njaa ile ile hawezi kulaumiwa kwa kumfukuza.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua mzozo huu. Imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na imetoa nafasi ya kudai fidia ya mazao yaliyoharibiwa. Lakini kati ya sheria na mfuko wa mkulima pana fomu, kamati na miaka ya kungoja. Susu aliwahi kujaza fomu kama hiyo, na nakala yake ameihifadhi ndani ya Biblia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi hii mgeni huja kumwona ndovu, akalipa hoteli, gari na kiingilio cha mbuga, akaondoka. Mwenyeji aliyemlisha ndovu huyo usiku kucha bado anangoja kupona.

Zipo dalili za njia nyingine. Huko Sagalla, karibu na Voi, kwenye ukingo mwingine wa Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba yao nyaya zinazoning'iniza mizinga ya nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye ndovu, licha ya ngozi yake nene, huogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Watafiti wakiongozwa na Lucy King wameonyesha kuwa ua wa namna hiyo huwazuia ndovu wengi wanaoukaribia, yapata 8 kati ya 10, na mkulima huuza asali juu yake. Haumalizi tatizo, hasa baada ya ukame unaopunguza nyuki. Hata hivyo, Wakamba ni wafugaji wa nyuki tangu jadi. Mzinga ni chombo chao, na asali ya Kitui inajulikana nchi nzima. Kijana alipoyasikia haya aliutazama mzinga mmoja uliobaki mbuyuni kwa jicho jingine.

Asubuhi ya tatu wageni hawakwenda popote. Mwalimu mstaafu ndiye aliyeomba wapande dunguni, na dungu likawapokea wawili wawili kwa zamu. Kweleakwelea walikuja na jua. Mmoja mmoja ni ndege mdogo, mwenye mdomo mwekundu, ambaye kwa siku hula nafaka yapata gramu 10. Lakini haji mmoja. Huja kama moshi unaogeuka wote kwa pamoja, na gramu 10 zikizidishwa kwa maelfu huwa ni magunia. Susu alikuwa akiwaona kabla ya darubini kuwaona. Alijua kwa namna hua walivyonyamaza, na kwa upande ambao shomoro walikimbilia. Kombeo lilivuma, debe likalia, moshi ukapinduka na kwenda kwa jirani, ambako kombeo jingine lilivuma.

Katikati ya kelele hizo mwalimu alionyesha kijindege wa rangi ya udongo aliyekuwa akipenya katika ua wa miiba. Kwa mara ya kwanza susu alisema hana jina lake. Huja na mvua za vuli, alisema, na zikienda huenda nazo. Hali mtama, ndiyo maana hajawahi kugombana naye. Mwalimu alieleza kwamba wengi wa namna hiyo hutoka Ulaya na Asia. Si mbali na hapo, ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa, iko Ngulia katika Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege hao huvutwa na taa za hoteli, wakanaswa kwa nyavu laini, wakavishwa pete nyepesi mguuni na kuachiliwa; malaki wamevishwa hadi sasa. Mmoja wao huzaliwa vichakani katika mabonde ya mito ya Ulaya na hupitia Kenya kwenda kusini mwa Afrika. Yeye huiga sauti za ndege wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 kutoka Ubelgiji ulitambua sauti za spishi 212 katika nyimbo za ndege wa aina yake, na 113 kati ya hizo ni za ndege wa Afrika. Kwa hivyo yapo madume yanayobembeleza majike huko Ubelgiji kwa sauti yaliyoziokota Afrika, katika miiba kama ile ya ua wa susu.

Wageni waliondoka alasiri hiyo. Walikuwa na mpango wa kupitia msitu wa Kibwezi, unaonyweshwa na chemchemi za vilima vya Chyulu na kusimama kijani katikati ya nchi kame. Mwalimu mstaafu alimwachia kijana kijitabu chake. Mlikuwa na orodha ya ndege 94 kwa Kiingereza, na mbele ya kila jina aliacha nafasi tupu.

Nafasi hizo ndizo zinazopaswa kututia wasiwasi sisi sote tunaojiita wapenzi wa Kiswahili na wa lugha dada zake. Dungu linaondoka. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003 watoto wako darasani asubuhi, na hivyo ndivyo inavyostahili. Hakuna mwenye akili atakayetaka mtoto aache hesabu ili afukuze kweleakwelea. Kwa kukosa wa kuamia, wakulima wengi wanauacha mtama na mawele na kupanda ndengu na mahindi, ambayo ndege hawayashambulii vile. Uamuzi huo una busara yake. Lakini pamoja na dungu huondoka shule ambayo haikuwa na ubao wala mtihani, ambamo mtu alijifunza jina, sauti, tabia na msimu wa kila kiumbe kwa sababu chakula chake kilitegemea kujua huko. Kijana alikuwa kizazi cha kwanza cha nyumba yake kuhitimu chuo kikuu, na kizazi cha kwanza kumwita pungu ndege tu. Mambo hayo mawili hayakulazimika kwenda pamoja. Yalikwenda pamoja kwa sababu hakuna aliyeliona dungu kuwa mahali pa kwenda na daftari.

Kijana alianza kuzijaza nafasi zile. Kila jioni susu alimsomea majina, naye akayaandika kwa Kikamba, akatafuta la Kiswahili, kisha akaandika mstari mmoja au miwili kuhusu mwenye jina: anakula nini, analala wapi, analia vipi, anaonya nini. Kufikia mwisho wa Februari alikuwa na majina 61. Mtama uliosalia ulikomaa. Walivuna magunia manne badala ya saba waliyoyatarajia.

Asubuhi moja kabla ya mavuno alikuwa dunguni akiandika, kichwa chini, na hakusikia kitu. Susu alikuwa chini akipalilia kunde.

"Mjukuu wangu," aliita bila kuinuka, "ukimaliza huyo uliyemwandika, tazama upande wa mto. Wanakuja."

Aliinua macho. Upande wa mto anga ilikuwa tupu. Aliweka kalamu sikioni, akashika kombeo, akangoja. Na kwa kweli, baada ya muda, moshi mdogo ulijitokeza juu ya migunga.